Noti Kumi na Moja

Maiti ilikuwa na hela mdomoni.

Bawabu wa soko aliikuta saa moja kasoro robo asubuhi, katika ujia mwembamba wa stoo nyuma ya ngazi za ghorofani, kati ya marobota ya vitambaa na ndoo ya mfagizi. Alipiga ukelele mmoja tu, kisha akakaa sakafuni. Inspekta alipofika alimkuta bado amekaa, funguo zote za soko zimelala mapajani.

"Umegusa kitu?"

"Sijagusa, afande. Hata hizo hela sijazigusa."

"Hapo ndipo ninapochoka," Inspekta alisema. "Soko zima hili, watu wanagombania mpaka kifungo kimoja, halafu noti zilale hapa usiku kucha zikose mwenyewe."

Marehemu hakuhitaji kutambuliwa. Soko lote lilimwita Ulimi. Kila asubuhi alisimama kwenye mlango mkubwa, shati limenyooka kwa pasi, akisubiri basi la watalii. Aliongea lugha sita, na hakuna hata moja aliyoitumia kusema kweli. Aliwapitisha wageni kibanda hiki na kile, akiwatafsiria bei, kisha akarudi kwa muuzaji kuchukua chake. Wauzaji walimchukia na walimhitaji. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, na huyu alikuwa ushahidi unaotembea.

Sasa hatembei tena. Daktari wa polisi alikuwa amepiga magoti kando yake.

"Pigo moja la kisogoni," alisema. "Kitu kirefu, cha chuma. Alikufa jana jioni, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili."

"Na hizo hela?"

"Zimetiwa alipokwisha kufa. Hakuna alama ya meno."

Silaha haikuwa mbali. Ilisimama ukutani kwa adabu: fimbo ya chuma yenye ndoano, ambayo kila muuza nguo anayo ya kuangulia bidhaa zilizotundikwa juu. Mtaalamu wa alama za vidole aliipaka unga wake, akatikisa kichwa. Ilikuwa imefutwa vizuri mno, kama chombo kinachotunzwa.

Mfukoni mwa marehemu pochi ilikuwepo, imejaa. Saa ilikuwa mkononi, inatembea. Inspekta alivaa glavu, akazikunjua noti zilizotolewa mdomoni. Zilikuwa kumi na moja, za kigeni, kila moja ya kumi.

"Huyu muuaji hakuiba," alisema. "Amelipa."

Halafu akaona kitu kingine. Kwenye pembe ya kila noti palikuwa na matundu mawili madogo sana, yamekaa pamoja. Alizipanga noti zote, akazielekeza kwenye taa. Mwanga ukapenya matundu yale kutoka noti ya kwanza mpaka ya mwisho.

*

Mkuu wa kituo hakutaka habari za matundu.

"Mchukuzi yule wanayemwita Jeki nimeshamweka ndani," alisema. "Jana adhuhuri alimkaba marehemu shati mbele ya soko zima. Unajua alimwambia nini? 'Nitakuziba huo mdomo.' Na mdomo umezibwa. Unataka nini tena, akuandikie barua?"

"Nataka kujua mchukuzi amepata wapi noti za kigeni, mkuu."

"Ifikapo jioni nataka mashtaka. Marehemu alikuwa mtu wa watalii, na watalii wanaulizia."

Jeki alikuwa mtu wa mabega, shingo haionekani. Alikaa kwenye kiti cha mahabusu kama mzigo uliotuliwa vibaya.

"Ulisema utamziba mdomo?"

"Nilisema. Kila mtu ghorofa ile amewahi kusema hivyo."

"Alikukosea nini?"

"Nilikuwa nimebeba mizigo ya mgeni. Ulimi akaja, akamnong'oneza yule mgeni, mgeni akanipokonya begi lake akalikumbatia. Nimeitwa mwizi, afande, tena mbele yangu, na sikuweza kujitetea. Nitajitetea vipi kwa lugha nisiyoijua? Sisi tunajua tarakimu na neno 'karibu' tu."

"Saa kumi na moja jioni ulikuwa wapi?"

"Nimelala juu ya marobota, kule uani."

"Nani alikuona?"

"Marobota."

Inspekta alitaka kucheka, lakini nje ya dirisha palikuwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, amesimama tangu asubuhi bila kuuliza kitu, akiutazama mlango wa kituo. Mke wa Jeki. Kesi kama hii mwisho wake ni kitanzi au kifungo cha maisha, na yule mtoto mgongoni alikuwa bado hajaota meno.

*

Ghorofani, upande wa nguo, paa la bati lilikuwa limeanza kupata joto. Vibanda vilibanana, vitambaa vikining'inia juu ya vichwa, na kila mtu alijifanya anafanya kazi huku masikio yamesimama. Inspekta alifuatana na konstebo wake, msichana aliyesoma lugha za kigeni chuoni na kuishia kuvaa buti.

Muuza vifungo, mwanamke mnene mwenye mdomo mwepesi, alitazama mfuko wa ushahidi wenye zile noti, akaguna.

"Hizo zimebanwa kwa pini," alisema. "Ni mambo ya wadarizi. Mikono yao yote miwili iko kwenye kazi kutwa, watashika pochi saa ngapi? Wakipata hela wanaibana kwa pini ndani ya nguo, hapa kifuani. Mwizi akitia mkono anachomwa."

"Jana Ulimi alimletea nani mteja wa kigeni?"

Muuza vifungo aliteremsha sauti. "Mama Kimya, kibanda cha mwisho. Lakini mwacheni, baba. Ana msiba. Binti yake amekufa jana alasiri hospitali. Kidole tumbo kilipasuka. Alikuwa na binti huyo mmoja tu."

Mama Kimya alikuwa amekaa kwenye kigoda, miwani puani, akipinda kitambaa cheupe kirefu. Hakuinua kichwa. Inspekta alipotambua kuwa kile kitambaa ni sanda, alivua kofia.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa."

"Kazi hii huwezi kumpa mtu?"

"Mwanangu hatavaa mshono wa mtu."

Mikono ilikuwa ya mtu wa miaka hamsini na kitu, vidole vimejaa alama za sindano. Ilikwenda na kurudi bila haraka.

"Jana uliuza kwa mgeni?"

"Tandiko la kitanda. La maua na ndege."

"Alikulipa noti gani?"

"Za kwao. Nikampa Ulimi palepale anibadilishie, akaniletea za kwetu, nikaenda nazo hospitali."

"Hukurudi hapa tena?"

"Nirudi kufanya nini?"

"Ulimi alikuwa mtu wako?"

"Aliniletea mteja. Aliongea yeye, mimi nikabonyeza bei kwenye kikokotoo. Lugha yao siijui."

Inspekta alishuka ngazi akiwa hana raha. Maneno ya mama yule yalimalizana vizuri: noti zilikuwa za Ulimi, zilitoka mfukoni mwake, na aliyemuua kwa hasira alizitia mdomoni. Nani alikuwa na hasira na mdomo? Jeki. Kila alichosema mfiwa yule kilimsukuma Jeki hatua moja karibu na kitanzi. Ila matundu yale yalikataa.

"Konstebo," alisema, "mtafute huyo mgeni kabla hajapanda ndege."

*

Mgeni alikuwa mwanamke mchangamfu, kofia pana, pua imebabuliwa na jua. Tandiko lilikuwa limetandazwa juu ya kitanda cha hoteli. Inspekta hakuwa mtu wa kusifia vitambaa, lakini alisimama kulitazama. Ndege walikuwa mia na zaidi, na hakuna wawili waliofanana.

Mgeni alisema kitu akicheka.

"Anasema aliambiwa mia tatu," konstebo alitafsiri, "akalipata kwa mia na kumi. Anauliza kama amefanya vizuri."

"Muulize alifanyaje."

Mgeni alieleza kwa mikono na kwa macho. Konstebo alisikiliza, na sura yake ikabadilika.

"Sema," Inspekta alimwambia.

"Ulimi ndiye aliyemfundisha, afande, kwa bakshishi. Alimwambia hivi: huyu mama ana binti hospitali, lazima alipe kabla ya saa tisa ndipo apasuliwe. Kwa hiyo usihangaike kubishana naye. Geuza mgongo uondoke. Atakuita. Akikuita, geuza tena."

"Alimwambia hayo mbali?"

"Palepale, mbele ya mama mwenyewe. Ila kwa lugha hii."

"Naye akageuza?"

"Mara mbili. Mara ya pili alifika mpaka kwenye ngazi."

Inspekta aliijua mbinu hiyo. Kila Jumamosi mke wake humtuma yeye sokoni kwa sababu hana huruma, na silaha yake ni hiyohiyo. Aligeuza mgongo wiki iliyopita kwa ajili ya kapu la viazi, akarudi nyumbani akijisifu.

"Muulize, aliposikia habari za binti hakuona uchungu?"

Konstebo aliuliza. Jibu lilikuwa fupi.

"Anasema kitabu chake cha safari kimeonya kwamba kila muuzaji ana mtoto mgonjwa. Alidhani ni sehemu ya mchezo." Konstebo akamgeukia Inspekta. "Sasa anauliza, kwani ni kweli?"

"Usimjibu."

Sababu ya kuua ilikuwa imepatikana, kubwa kama nyumba. Lakini hapakuwa na mlango wa kuingilia. Mama Kimya angewezaje kulipiza maneno asiyoyaelewa? Soko zima lilikuwa tayari kuapa kwamba anajua tarakimu tu. Hakimu angecheka, na Jeki angenyongwa.

Inspekta aliinama juu ya tandiko, akalitazama pindo. Alilifuata kwa kidole pande zote nne, pembe kwa pembe. Halikuwa na kasoro hata moja.

"Lifungeni," alisema. "Tunarudi sokoni na huyu bibi. Mwambie kuna sentensi moja tu nataka aiseme, kama mteja anayelalamika. Na wewe konstebo, usitafsiri hata neno mpaka nikohoe."

*

Mama Kimya alikuwa amebakiza upande mmoja wa sanda. Aliwatazama wakiingia, akamtazama mgeni, akarudisha macho kwenye sindano. Kama alimchukia, hakuna aliyeiona hiyo chuki. Mtu yule alikuwa ametulia kama maji mtungini.

Inspekta aliliweka tandiko juu ya meza ndogo. Alijiona mtu mbaya, na hakukosea.

Mgeni alianza kwa lugha yake, polepole, kama alivyoelekezwa. Kwa Inspekta ilikuwa kelele tu isiyo na maana.

Mkono wa Mama Kimya uliiacha sanda. Ukaenda moja kwa moja kwenye tandiko, kwenye pembe ya kushoto ya chini, ukaipindua. Kidole gumba kikapita juu ya mshono mara moja, mara mbili.

"Si kweli," alisema. "Halijafumuka."

Inspekta hakukohoa. Hakuna aliyekohoa ghorofa nzima.

"Nani amesema limefumuka, mama?" aliuliza taratibu.

Mama Kimya alibaki na pembe ya tandiko mkononi. Alimtazama konstebo, aliyekuwa amefumba mdomo. Kisha akavua miwani.

"Ungenitukana," alisema, "ungemtukana hata marehemu mwanangu, nisingeinua kichwa. Lakini kazi yangu."

"Ndivyo nilivyofikiri. Unisamehe." Inspekta alitoa mfuko wa ushahidi. "Na hizi. Ulisema ulimpa Ulimi palepale. Noti inayopokelewa na kutolewa palepale haibanwi kwa pini, mama. Hizi zilisafiri kifuani mwako."

Mama Kimya alizitazama noti. Halafu aliiokota sindano, akaendelea kupinda sanda, na alipoanza kuongea mkono haukusimama.

"Miaka saba nimelea watoto wao, huko kwao. Kabla sijaolewa. Nilipika, nilifua, niliwabembeleza kwa lugha yao mpaka nikaota kwa lugha yao. Niliporudi sikumwambia mtu. Hapa sokoni anayejua lugha ya mteja hasemi. Anakaa kimya anasikiliza: mteja akimwambia mumewe 'hili zuri, hata kwa mia mbili nachukua,' basi unashikilia mia mbili. Nimekula kwa ukimya huo miaka ishirini."

"Kwa hiyo jana ulisikia."

"Neno kwa neno."

"Mbona hukusema?"

Sindano ilisita mara moja tu. "Nilitaka nione. Nilijiambia, sasa huyu mama amejua. Amesikia kwamba nina mtoto hospitali. Mtu akishasikia hivyo, atanipunja? Nikasubiri. Akageuza mgongo." Akavuta uzi. "Hata hapo ningesema. Lakini nimezoea kunyamaza, baba. Mazoea yana taabu. Mpaka nimefungua mdomo, kilichotoka ni 'haya, chukua.'"

Muuza vifungo, aliyekuwa amejibanza nyuma ya pazia la kanga zake, alianza kulia bila kuficha.

"Hospitali walitaka mia tatu?"

"Sawasawa na hiyo. Sikuitaja bei ile kwa tamaa. Nilifika dirishani na noti kumi na moja. Wakasema imepungua, kalete iliyobaki. Nikakimbia kwa ndugu, kwa jirani, kwa kila mlango niliowahi kuukopesha chumvi. Nikarudi saa kumi na robo. Walikuwa wameshamfunika."

"Ukaja sokoni."

"Kuchukua kitambaa cheupe. Saa kumi na moja hivi. Nikamkuta Ulimi kule kwenye ujia wa stoo, anachana nywele kwenye kioo kidogo. Akaniuliza, 'Mama Kimya, fungu langu liko wapi?' Nikamwambia mwanangu amekufa. Nikamwambia, nilisikia ulichomwambia yule mgeni. Nikayarudia kama alivyoyasema, kwa lugha ileile."

"Akasemaje?"

Kwa mara ya kwanza sauti ya Mama Kimya ilikwaruza. "Akacheka kwa mshangao. Akasema, 'Kumbe unajua! Umejifunzia wapi?' Hilo ndilo alilouliza, afande. Alishangaa kwamba nimeelewa. Hakushangaa kwamba mtoto amekufa. Akageuka kuendelea kujichana. Akanipa mgongo na yeye."

Fimbo ya ndoano ilikuwa imesimama pale. Hakukumbuka kuishika. Alikumbuka kuifuta, kwa sababu chombo cha kazi hakiachwi kichafu.

"Nikazichomoa zile noti kifuani. Zingenisaidia nini tena? Miezi kumi na moja nililitoboa lile tandiko, noti kumi na moja. Yeye ndiye aliyepanga bei. Nikamlipa fungu lake lote."

"Na Jeki?" Inspekta aliuliza. "Ungemwacha anyongwe?"

Mama Kimya alifunga fundo la mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Nilijiambia nimzike mwanangu kwanza, ndipo nije niseme. Ndivyo nilivyojiambia." Aliikunja sanda, pembe kwa pembe. "Sijui, baba. Pengine ningenyamaza."

Inspekta alimwita askari aliyekuwa kwenye ngazi. "Piga simu kituoni. Jeki aachiwe sasa hivi, na mtu atoke nje amwambie mke wake, asingoje mpaka amwone." Kisha akamgeukia Mama Kimya. Hakutoa pingu. "Tutapitia hospitali, uipeleke hiyo mwenyewe. Mkuu wangu atasubiri."

Mgeni alikuwa amesimama muda wote huu, akitazama nyuso moja baada ya nyingine. Aliuvuta mkono wa konstebo, na konstebo, kwa kuwa sasa hakuna aliyemkataza, akamweleza. Mgeni aliziba mdomo kwa viganja. Halafu akafungua mkoba wake kwa haraka, akaanza kutoa noti huku akisema mfululizo na machozi yakimtoka.

"Anasema atalipa iliyobaki," konstebo alisema bila kumtazama mtu. "Mia na tisini. Sasa hivi. Anaomba mama azipokee."

Mama Kimya aliipakata sanda kifuani kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Alipofika mbele ya mgeni alisimama, akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza mbele ya watu wa soko akafungua mdomo kwa lugha ya wageni. Alisema sentensi moja, bila kupandisha sauti, kama muuzaji anayempa mteja ushauri. Kisha akapita, akaanza kushuka ngazi.

Mgeni alikaa chini palepale, kwenye kigoda cha mama yule, noti zimemwagika miguuni.

"Amemwambia nini?" Inspekta aliuliza.

Konstebo alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Amemwambia, 'Ungegeuza mgongo mara ya tatu, ningeshusha bei tena.'"